Bawa la modeli yangu ya Gloster SS.37 limelia: je, waya ni pambo tu?

"Shikamoo mwalimu. Ninajenga modeli ya kuruka ya ndege ya kivita ya Gloster SS.37, ile ya majaribio ya mwaka 1934, kwa kipimo cha moja kwa sita. Mabawa yote manne (la juu na la chini kila upande) yamesimama, ila bado sijayafunika kitambaa na sijafunga waya. Juzi niliinyanyua kwa kushika ncha za bawa la chini, nikasikia mlio kama wa kijiti kinachokatika. Baba mdogo, ambaye ni fundi wa gereji, ananiambia nisiwe na wasiwasi: ndege ya mabawa mawili hubeba mara mbili, kwa hiyo niongeze mbao tu. Rafiki yangu anasema waya ni urembo, nibandike uzi wa cherehani yaishe. Tena ananicheka kwamba nimechagua ndege ya kizamani, eti kufikia 1934 watu wenye akili walikuwa wameshahamia bawa moja. Nani yuko sahihi? Na je, naweza kuirusha?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye hatari: usiirushe. Mlio ule una maana, na mpaka ujue umetoka wapi, ndege ibaki mezani. Hayo mengine tutayachambua taratibu, kwa sababu baba mdogo na rafiki yako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Kwanza niwaeleze wengine tunachozungumzia. SS.37 ilibuniwa na Henry Folland wa kampuni ya Gloster, Uingereza, na iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Septemba 1934, rubani akiwa Gerry Sayer. Ndiyo iliyozaa Gladiator, ndege ya mwisho ya kivita yenye mabawa mawili kuingia katika jeshi la anga la Uingereza. Upana wa mabawa ya Gladiator ni mita 9.83, kwa hiyo modeli ya mwenzetu ina kama sentimita 164 kutoka ncha hadi ncha. Huo si mchezo wa watoto. Kitu cha ukubwa huo kikianguka juu ya mtu kinaumiza.

Sasa hoja ya baba mdogo. Bawa hunyanyua ndege kwa sababu hewa iliyo juu yake huwa na kanieneo (mgandamizo) ndogo kuliko hewa iliyo chini yake. Weka bawa la pili juu ya la kwanza, uone kinachotokea katikati. Hewa iliyo juu ya bawa la chini inataka kanieneo yake ishuke. Hewa iliyo chini ya bawa la juu inataka kanieneo yake ipande. Lakini hewa hiyo ni ile ile moja, imebanwa kati ya mabawa mawili, na kila bawa linalivurugia jirani yake kazi. Kwa hiyo mabawa mawili hunyanyua zaidi ya bawa moja, lakini hayafiki mara mbili, na hunyanyua kidogo kuliko bawa moja refu lenye eneo sawa na yote mawili. Wabunifu walijaribu kupunguza hasara hiyo kwa kuyatenganisha mabawa kwa umbali unaokaribia upana wa bawa lenyewe kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, na kwa kulisogeza la juu mbele kidogo, jambo lililompa rubani nafasi ya kuona pia. Hasara ilipungua. Haikuisha.

Kama mabawa mawili hayazidishi mnyanyuo mara mbili, yalipendwa kwa nini? Jibu liko kwenye paa la nyumba yako. Ingia darini uangalie kenchi. Mbao zake ni nyembamba, huwezi kuzilalia moja moja juu ya nafasi ya mita sita zikakuvumilia. Lakini zikipangwa juu na chini, zikaunganishwa kwa nguzo fupi na mbao za mshazari, zinabeba bati na upepo wa masika miaka arobaini. Ndege ya mabawa mawili ni kenchi inayoruka. Bawa la juu ni mbao ya juu, bawa la chini ni mbao ya chini, nguzo za kati ni nguzo, na waya ndizo mishazari. Kila boriti ndani ya bawa inaweza kuwa nyembamba na nyepesi kwa kuwa haibebi mzigo peke yake.

Jaribu jioni hii, itakuchukua robo saa. Chukua vipande viwili vya kadibodi vya sentimita 30, uviunganishe kwa vijiti vinne vya mishikaki, kimoja kila pembe. Sukuma kadibodi ya juu kwa kidole. Kitu chote kinalala upande kama kiti kilicholegea miguu. Sasa funga uzi wa mshazari kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu, pande zote, uukaze. Sukuma tena. Utashangaa. Hujaongeza hata gramu mbili.

Hapo ndipo ulipo mlio wako. Ulipoinyanyua ndege kwa ncha za bawa la chini bila waya, uliiambia boriti ya bawa hilo ibebe uzito wote peke yake, kazi ambayo haikubuniwa kuifanya. Ni sawa na kupanda juu ya kenchi kabla fundi hajapigilia mishazari. Kuongeza mbao bila kubadili boriti, kama anavyoshauri baba mdogo, kutaongeza uzito tu na kuacha kasoro pale pale.

Waya zenyewe ni za aina mbili. Za kurukia huanzia chini, kwenye kiwiliwili karibu na shina la bawa la chini, zikapanda kwa mshazari hadi kichwa cha nguzo, kwenye bawa la juu. Ndege ikiwa angani mabawa yanataka kupinda kuelekea juu, na waya hizi ndizo zinazoyashikilia. Za kutulia huenda kinyume: kutoka juu katikati hadi chini ya nguzo, nazo hubeba uzito wa mabawa ndege ikiwa ardhini au inapogonga chini wakati wa kutua. Kwenye ndege halisi waya za kurukia mara nyingi zilifungwa mbili mbili, ili moja ikikatika rubani arudi nyumbani. Kitu cha urembo hakifungwi akiba.

Nimekaa na rafiki yako moyoni siku mbili hizi, kwa sababu swali lake ni zuri kuliko anavyodhani. Waya na nguzo zina gharama. Waya ya mviringo yenye unene wa milimita moja hukinza hewa karibu sawa na nguzo yenye umbo la tone la maji na unene wa milimita kumi. Ndiyo maana viwanda vilianza kutengeneza waya bapa. Na ukinzani wa hewa una tabia mbaya: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne, na nguvu ya injini inayotakiwa huwa mara nane. Kwa ndege ya mwaka 1917 iendayo pole pole, kenchi ilikuwa biashara nzuri. Kadiri kasi ilivyopanda, bei ya kila waya ilipanda nayo.

Waingereza walikuwa na hofu yao ya zamani pia. Mwaka 1912, baada ya ajali kadhaa, jeshi lao lilipiga marufuku marubani wake kurusha ndege za bawa moja. Marufuku yenyewe haikudumu hata mwaka, lakini mashaka yalibaki vichwani. Bawa moja lisilo na waya linahitaji boriti nene au ngozi ya chuma inayobeba mzigo, na ujuzi wa kutengeneza kitu hicho kikiwa chepesi ulichelewa kukomaa.

Mwaka 1931 wizara ya anga ya Uingereza ilitoa masharti yaliyoitwa F.7/30. Ilitaka ndege ya kivita ya mchana na usiku, yenye rashasha nne, ipande haraka, ijipinde kwa wepesi, na itue kwa kasi ndogo ili rubani asife gizani. Ukiyaona masharti hayo utaelewa kwa nini wabunifu wengi walirudi kwenye mabawa mawili: kutua pole pole na kujipinda ni kazi ya eneo kubwa la bawa kwa uzito mdogo. Gladiator yenye mzigo ilikuwa na kama kilo 69 kwa kila mita ya mraba ya bawa. Spitfire za kwanza, ndege za kivita za bawa moja zilizokuja baadaye, zilikuwa na zaidi ya kilo 110.

Wizara iliipendelea pia injini ya Rolls-Royce Goshawk, iliyopozwa kwa mvuke. Maji yalipita ndani ya injini yakiwa chini ya kanieneo kubwa, yakatoka yakigeuka mvuke, na mvuke ukarudishwa kuwa maji ndani ya vipoza, mara nyingi vilivyofichwa kwenye paji la bawa, yaani ukingo wake wa mbele. Kwenye karatasi ilipendeza mno, kwani hakukuwa na rejeta kubwa ya kukinga upepo. Lakini fikiria pampu inayosukuma maji yaliyo ukingoni mwa kuchemka. Ndege inapopanda, kanieneo ya hewa inashuka, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, na pampu inajikuta imejaa mvuke badala ya maji. Nani asiyejua gari likichemka mlimani? Hawa walikuwa wamebuni kuchemka kuwe ndiyo kawaida.

Kampuni ya Westland walileta ndege ya mabawa mawili yenye Goshawk nyuma ya rubani, ikizungusha propela kwa shafti ndefu iliyopita chini yake. Ilipata kilomita 298 kwa saa. Supermarine walileta ya bawa moja, Type 224, kazi ya R. J. Mitchell, huyo huyo wa Spitfire. Ilipata kilomita 367. Hapa ndipo rafiki yako anapokosea. Bawa moja peke yake halikumsaidia Mitchell safari ile, maana lilikuwa nene, miguu ya magurudumu ilikuwa imevalishwa kama suruali pana, na injini ilikuwa na matatizo yake.

Folland hakuifuata Goshawk. Alichukua ndege aliyoifahamu, Gauntlet yake mwenyewe, yenye injini ya Bristol Mercury inayopozwa kwa hewa tupu, akaanza kuondoa vitu. Gauntlet ilikuwa na jozi mbili za nguzo kila upande wa mabawa. Akaacha moja. Ondoa jozi moja ya nguzo, na waya zake zinaondoka nazo. Miguu ya magurudumu ilikuwa na mishikizo mingi. Akaweka mguu mmoja mmoja ulio wazi, na springi ikaingia ndani ya gurudumu lenyewe, ubunifu wa mhandisi Dowty.

Sasa tazama hesabu hii, mimi huipenda sana. Gauntlet ikiwa na nguvu za farasi 640 ilikimbia kilomita 370 kwa saa. SS.37 ilipopewa injini ya nguvu 645 ilikimbia 389. Yaani nguvu ile ile, na kilomita 19 zilizopatikana kwa kupunguza nguzo, waya na mishikizo ya magurudumu. Baadaye Gladiator ya kiwandani ilipewa nguvu 840, ikafika kilomita 407. Nguvu za farasi 195 za nyongeza zilileta kilomita 18, ingawa kwa haki tuseme ndege hiyo ilikuwa na vifaa zaidi. Mtu mwenye penseli na subira alipata karibu kile kile kilicholetwa na injini kubwa.

Lakini pia ndipo mlango ulipofungwa. Ukishabakiza jozi moja ya nguzo, huna tena cha kuondoa, kwani ukigusa hiyo kenchi inaanguka. Wizara iliagiza Gladiator 23 mnamo Julai 1935. Tarehe 6 Novemba mwaka huo huo Hurricane ya majaribio, ya bawa moja na magurudumu yanayokunjwa, iliruka, na majaribio yake yakafika kilomita 507. Vikosi vilipokea Gladiator Februari 1937, na Hurricane Desemba mwaka huo. Miezi kumi. Kwa hiyo mwambie rafiki yako kuwa kuhusu kesho alikuwa sahihi. Kuhusu Septemba 1934, ndege iliyoruka vizuri, iliyotengenezeka haraka kwa mafundi waliokuwepo, ni hii unayoijenga.

Na haikuwa ndege ya mbali sana na sisi. Kijana mmoja Mwingereza aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya mafuta Dar es Salaam alijiandikisha jeshini Nairobi mwaka 1939, akajifunza kurusha hapo Nairobi kwa Tiger Moth, nayo ya mabawa mawili na waya zake. Septemba 1940 alianguka na Gladiator katika jangwa la magharibi mwa Misri jua likizama, akikitafuta kikosi chake. Aliumia vibaya, lakini alipona.

Turudi mezani kwako. Modeli yako itakwenda kilomita 60 au 70 kwa saa, siyo 400. Kwa kasi hiyo ukinzani wa waya ni mdogo, kwa hiyo huna sababu ya kuziogopa, na sababu zote za kuzitumia unazo. Eneo la mabawa yako ni kama mita ya mraba 0.83. Ukijitahidi ndege nzima isizidi kilo 5.5, kila mita ya mraba itabeba chini ya kilo 7, na itatua kwa upole.

Una njia tatu. Ya kwanza ni ya rafiki yako: uzi wa pambo, na boriti nene zinazojitegemea. Inafanya kazi, wengi wanaifanya, na uwanjani hutapoteza muda. Lakini itakubidi ubomoe mabawa uweke boriti mpya, na uzito utapanda. Ya pili ni waya zote za kazi, kama ndege halisi. Hiyo ni nyepesi na ngumu, ila kila safari utatumia nusu saa kufunga na kukaza, na ukikaza zaidi upande mmoja unalipinda bawa bila kujua. Ya tatu ndiyo ningeifanya mimi: waya za kurukia ziwe za chuma na za kazi, za kutulia ziwe uzi wa mpira wa kuvutika, kwa sura tu, mradi nguzo zako ziko imara. Kwa chuma, nenda duka la vifaa vya uvuvi uombe waya ya nyuzi za chuma ile wanayofungia ndoana za samaki wenye meno, pamoja na vibanio vyake. Usikubali mshipi wa nailoni, kwani unanyooka juani na asubuhi utaukuta umelegea.

Shikizo la waya ni muhimu kuliko waya yenyewe. Modeli yangu ya kwanza ya aina hii ilikunja bawa angani kwa sababu nilikuwa nimegundisha vijicho vya waya kwenye ubavu (kijibao kinacholipa bawa umbo lake) wa balsa, mbao laini na nyepesi. Waya haikukatika. Gundi haikuachia. Ubavu wenyewe ulichomoka mzima, ukiwa bado umeng'ang'ania kijicho chake. Niliuokota kwenye nyasi. Tangu siku hiyo kila kijicho nakipitishia bolti ndogo kwenye boriti, nikiwa nimeitia kipande cha plaiwudi pande zote mbili.

Kabla ya hayo, tafuta ufa. Kwa bahati hujafunika kitambaa. Weka taa kali nyuma ya boriti ya bawa la chini, lipinde taratibu karibu na shina, na pitisha ukucha kwenye mbao. Ukucha unahisi ufa ambao jicho halioni. Ukiukuta kwenye ubavu, badilisha ubavu. Ukiukuta kwenye boriti, usimimine gundi ukafurahi. Kata boriti kwa mshazari mrefu, kama mara kumi ya unene wake, uunge mbao mpya yenye mshazari huo huo, na uiache siku nzima.

Waya zikishafungwa, igeuze ndege tumbo juu, iegemee kiwiliwili peke yake, na panga vifuko vya mchanga vya nusu kilo upande wa chini wa mabawa yote, vingi kidogo kwenye bawa la juu, ambalo sasa liko chini. Lenga kilo 22 kwa jumla, yaani mara nne ya uzito wa ndege. Ongeza kifuko kimoja kimoja ukisikiliza. Bawa likilia tena kwenye kilo 8, umeokoa ndege.

Jambo moja zaidi, nalo hukamata wengi wanaojenga SS.37 na Gladiator: pua ni fupi. Injini ya duara ilikuwa nzito na fupi, wakati mota yako ya umeme ni nyepesi. Sogeza betri mbele kabisa uwezavyo, na uwe bahili wa kila gramu unayoweka mkiani, maana itakudai gramu kama tatu puani. Kwa kuwa bawa la juu limetangulia, kitovu cha uzito usikipime kwa bawa moja. Tafuta katikati ya kingo za mbele za mabawa mawili, halafu anza robo ya upana wa bawa kutoka hapo.

Ufa ukiwa kwenye boriti, au mabawa ya kushoto na kulia yakitofautiana pembe zaidi ya nusu digrii na hujui kuyarekebisha, usimalizane nami kwa maandishi. Ipeleke ikiwa bado haijafunikwa kwa mtu mwenye uzoefu wa modeli kubwa, au chuo kinachofundisha ufundi wa ndege, aishike kwa mikono. Betri iliyovimba usiichaji hata mara moja. Na kabla ya kuruka, nenda mwenyewe kwa mamlaka ya usafiri wa anga ukaulize kibali na mahali panaporuhusiwa, hasa ukiwa karibu na uwanja wa ndege. Safari ya kwanza asiirushe mtu ambaye hajawahi kurusha ndege ya mabawa mawili, hata kama mtu huyo ni wewe uliyeijenga.

Ukishakagua, nitumie picha mbili: moja ya shina la bawa la chini taa ikiwa nyuma, nyingine ya shikizo la kwanza la waya kabla hujalifunika. Na baba mdogo mwombe akukatie vile vibati vya kushikia waya. Fundi wa gereji anajua chuma kuliko mimi.